Mjakaranda Unasingiziwa

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimeanza na methali si kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda insha ianze hivyo (hupenda, na alama zake huonekana), bali kwa sababu yuko mnyonge langoni mwa shule yetu ambaye nusura anyongwe bila kusikilizwa. Mnyonge huyo ni mti. Ni ule mjakaranda ulio mkono wa kulia ukiingia, ambao wauza njugu husimama chini yake saa kumi jioni, na ambao ikifika Septemba hutandaza maua ya zambarau langoni kana kwamba kuna harusi.

Muhula wa tatu karatasi ilipitishwa darasani mwetu wakati mwalimu wa Jiografia alikuwa hajafika. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu: sisi wanafunzi tunaomba mti wa langoni ukatwe kwa kuwa unatuletea homa. Saini zilikuwa thelathini na kitu. Mstari wa kwanza ulikuwa umeachwa wazi, eti ni wangu. Kwani nani hanijui? Mimi ndiye Mama Chafya wa Kidato cha Tatu. Nikianza kupiga chafya, kuna wavulana kule nyuma huhesabu kwa sauti kama refa wa ndondi, na siku moja walifika kumi na saba.

Nikaikataa karatasi. Nikaambiwa naringa. Wengine wakasema nimehongwa na mti, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa linawezekanaje. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika jarida letu nieleze, maanake paredi si mahali pa kueleza jambo refu.

Wasomaji wapenzi, mimi nimeteseka kwa chafya kuliko wote waliotia saini. Tangu nikiwa Kidato cha Kwanza, ikifika mwishoni mwa Septemba pua yangu hufunguka kama mfereji uliovunjika. Kamasi zenyewe ni nyepesi kama maji. Macho huwasha mpaka natamani kuyatoa niyaoshe. Kaakaa nalo huwasha, mahali ambapo huwezi kujikuna mbele ya watu ukaonekana una adabu. Nyumbani kwetu Umoja mama alidhani ni mafua. Alinipeleka kwenye duka la dawa, akauziwa amoksilini, nikameza siku tano. Sikupona. Mwaka uliofuata, Oktoba hiyo hiyo, tukarudi kwenye duka lile lile na kununua dawa ile ile. Sikupona tena. Pesa zilikwenda, na zilikuwa za nauli ya wiki nzima.

Shuleni ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Tulikuwa bado shule ya msingi korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, na tangu siku hizo mtu akipiga chafya mara mbili anatazamwa kama mwizi wa mkoba Gikomba. Jirani yangu wa dawati alihama. Mwalimu wa zamu akaniambia, kwa upole kabisa, niende nyumbani nirudi nikipona. Nilikaa nyumbani siku tatu, nikakosa jaribio la Hisabati, na siku ya nne nikarudi nikiwa vile vile, kwa sababu sikuwa na ugonjwa wa kupona kwa siku tatu. Simlaumu. Alidhani anawalinda wengine. Lakini chafya yangu haiambukizi mtu, na wakati ule mimi mwenyewe sikujua hivyo ili nimwambie.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja wa zahanati, Oktoba mwaka jana. Hakunipima damu wala hakuniandikia sindano. Aliniuliza maswali tu. "Binti yangu, mwili una joto?" Nikasema hapana, daktari. "Viungo vinauma?" Hapana. "Macho yanawasha?" Sana. "Na mwaka jana wakati kama huu ulikuwaje?" Mama akanitazama, nami nikamtazama. Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa dukani tukinunua amoksilini. Daktari akamgeukia mama akamwambia, "Mama, huyu hana mafua. Huu ni mzio, na naona kama ni wa chavua."

Chavua tumeisoma katika Bayolojia: ni ule unga wa kiume wa ua. Mzio ndio ambao mtaani tunauita aleji. Jinsi unavyofanya kazi ni hivi. Chukulia korti moja ya Buruburu yenye lango na askari. Askari kazi yake ni kuzuia wezi, na ni kazi nzuri. Sasa siku moja akamwona muuza maziwa, akamkosea kwa jambazi, akaliandika jina lake. Tangu siku hiyo, muuza maziwa akitokea tu, askari anapuliza kipenga, mbwa wanafunguliwa, watu wanatoka na rungu, na korti nzima inavurugika. Muuza maziwa hana kosa. Fujo yote imeletwa na askari. Askari huyo ndio kingamwili zetu, kipenga ni kemikali iitwayo histamini, na fujo ndiyo chafya, kamasi na kuwashwa. Kwa hiyo amoksilini haina la kufanya hapo. Dawa hiyo ni ya kuua bakteria, na hapa hakuna bakteria wa kuuawa. Kuimeza ovyo ni kuwafunza bakteria wengine usugu, ili siku utakapougua kikweli dawa ikushinde.

Tofauti na mafua basi si ngumu kuiona ukiitafuta. Mafua huja na uchovu, mara nyingi na joto la mwili, kamasi huwa nzito, na kwa kawaida huondoka baada ya wiki moja au siku kumi. Mzio wa chavua hauna homa hata kidogo, hukaa wiki na wiki, huwasha zaidi ya kuuma, na hurudi mwakani kama mdai anayejua tarehe. Dada akiwa na mafua nyumba nzima huyapata. Mimi nimepiga chafya miaka mitatu chumba kimoja na wadogo zangu wawili na hakuna aliyeambukizwa.

Mtauliza, kama ni chavua, si basi ni mjakaranda? Unachanua Septemba mpaka Novemba, na sisi tunapiga chafya Septemba mpaka Novemba. Hata mimi nilifikiri hivyo. Daktari alicheka, akaniambia ninunue daftari la kurasa thelathini na mbili niandike kila siku: tarehe, mahali nilipokuwa, upepo, mvua, na chafya ngapi. Nikaandika mwaka mzima. Wanaonihesabia kule nyuma walinisaidia sana bila kujua.

Kuna jambo moja la Bayolojia ambalo ningeomba kila aliyetia saini alifikirie. Mimea ina njia mbili kubwa za kusafirisha chavua. Ile yenye maua makubwa ya rangi na harufu huwaita nyuki na ndege. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, imetengenezwa ishike mwili wa nyuki, haielei sana hewani. Mjakaranda, uliotoka Amerika Kusini ukaletwa hapa kupamba barabara, ni wa kundi hilo. Simama chini yake asubuhi usikie nyuki. Kundi la pili ni mimea isiyo na haja ya kupendeza mtu. Maua yake ni madogo, ya kijani au ya hudhurungi, huwezi hata kuyaita maua, nayo hutegemea upepo. Kwa kuwa upepo haujui uendako, mmea hulazimika kumwaga chavua kavu, nyepesi, mamilioni kwa mamilioni, ili moja ibahatike kufika. Zilizobaki ndizo tunazozivuta puani. Nyasi ziko kundi hilo. Mvinje uko kundi hilo. Na miti ile ya saipresi, ambayo shule nyingi na makanisa mengi ya Eastlands yameifanya ua, iko kundi hilo pia. Nchi za Bahari ya Mediterania, kama Italia na kusini mwa Ufaransa, jamaa za saipresi huwatesa watu kwelikweli kila majira ya baridi.

Sasa daftari. Mwezi wa Oktoba nilikaa chini ya mjakaranda saa ya chakula cha mchana wiki nzima. Chafya nyingi zaidi kwa siku moja mahali pale zilikuwa nne. Siku wenzetu walipofyeka nyasi za uwanjani, na mimi nikiwa darasani kando ya dirisha, zilifika thelathini na moja kabla ya mapumziko. Nyuma ya madarasa ya Kidato cha Pili, penye ua wa saipresi, nilitikisa tawi ukatoka unga wa manjano kama poda ya mtoto, na nikaishia kuosha uso kwenye mfereji. Lakini ushahidi ninaouthamini kupita wote ni wa Mei na Juni. Mvua ndefu zilikuwa zimepungua, nyasi zilikuwa zimefika magotini na kutoa mashuke, nami nikapiga chafya karibu sawasawa na Oktoba. Mjakaranda wakati huo haukuwa na ua hata moja. Mshtakiwa hakuwapo mahali pa tukio.

Najua mtu atasema daftari la mwanafunzi mmoja si utafiti. Ni kweli. Na si kila chafya ya Eastlands ni ya chavua. Tuna moshi wa matatu za Jogoo Road, tuna moshi wa jaa la Dandora ambao upepo ukigeuka unatufikia, tuna vumbi la magodoro na vijidudu vyake, na tuna mende, ambao nao huleta mzio ingawa hakuna anayewapelekea karatasi ya saini. Mwenzangu mmoja amegundua kwamba yeye huanza kupiga chafya akitandika kitanda, mwezi wowote. Huyo hata Kenya nzima ikikatwa miti hatapona. Ndiyo maana nasema andika kwanza.

Sikubuni njia hii mimi. Mwaka wa 1819 daktari John Bostock alisimulia mbele ya madaktari wa London ugonjwa wake mwenyewe wa kila kiangazi, macho na pua, na akaona chanzo ni joto la jua. Wengine walisingizia nyasi kavu na harufu yake. Ilipita miaka 54. Kisha daktari Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa kama mimi, akachapisha mwaka wa 1873 kitabu cha majaribio aliyoyafanya kwa mwili wake. Alijipaka chavua puani. Alijikwaruza mkono akaweka chavua pale, ngozi ikavimba. Akarusha tiara, yaani kishada, zilizobeba vioo vya kunata, akakuta chavua iko juu sana hewani. Mwisho akapata mkosaji wake: nyasi. Ule mkwaruzo wa mkononi ndio baba wa kipimo cha ngozi ambacho baadhi ya hospitali kubwa za Nairobi hufanya leo. Mtu mzima na daktari wake hakuona haya kurusha kishada. Mimi nitaona haya kubeba daftari?

Nikifika hapa lazima niseme neno ambalo huenda halitapendwa na ofisi ya zamu. Adhabu ya kuchelewa katika shule yetu, na shule nyingi, ni kufyeka nyasi. Unapewa fyekeo, au slasha kama tunavyoita, unaonyeshwa kipande chako. Wengi wetu twatoka Kayole, Dandora, hata Njiru, na matatu ikikwama mvua ikinyesha kuchelewa si ukaidi. Lakini hiyo ni hoja nyingine. Ninachosema hapa ni kwamba nyasi hungojwa zirefuke mpaka zitoe mashuke ndipo wakosaji wapelekwe kuzikata, yaani wakati ule ule zimejaa chavua. Muhula wa pili kijana mmoja wa darasa letu mwenye pumu alipewa kipande kando ya uwanja. Hakusema kitu kwa sababu aliona aibu kuonekana mdhaifu mbele ya wasichana. Baada ya robo saa alikuwa amekaa chini, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikilia kama filimbi, akijaribu kusema jina lake na kushindwa kulimaliza. Pampu yake ilikuwa nyumbani kwao. Mwalimu mmoja alimpakia garini mpaka hospitali, na ashukuriwe. Alipona. Sisi tuliobaki tuliambiwa tuendelee kufyeka.

Mzio wa pua na pumu ni ndugu. Mwenye mmoja mara nyingi huwa na wa pili. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, hapo hakuna kungoja kengele wala barua ya mzazi, ni hospitali mbio. Basi ombi langu kwa wakubwa ni dogo kuliko kukata mti. Nyasi zifyekwe mapema zikiwa fupi, kabla ya mashuke. Wenye pumu na mzio wapewe adhabu nyingine, hata kuosha madirisha, sikatai adhabu. Na pampu ya mwanafunzi ikubaliwe kukaa mfukoni mwake, si kufungiwa kabatini.

Kwetu sisi wenyewe kuna mambo yasiyo na gharama. Mimi nikifika nyumbani navua sweta mlangoni, naosha uso na mikono, na usiku nafuta nywele kwa kitambaa chenye maji, la sivyo nalala na chavua juu ya mto. Nguo za shule siku hizi naanika ndani ya veranda siku za upepo; mama alinung'unika kwanza, sasa amezoea. Pua naiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi kidogo. Yasichukuliwe ya mfereji moja kwa moja. Katika matatu naomba dirisha lifungwe tukipita penye nyasi zinazokatwa, ingawa makanga hunitukana. Vidonge vya mzio ni dawa halali na husaidia, lakini muone daktari akuchagulie. Vile vya zamani ambavyo kila nyumba inavijua, Piriton, hutia usingizi. Nilivimeza asubuhi nikalala katika Kemia nikiwa nimeshika kalamu. Daktari alinibadilishia setirizini, nameza usiku, na akanipa dawa ya kupuliza puani ambayo lazima itumiwe kila siku majira yote, si siku ya taabu tu. Nilikuwa naipuliza mara moja kisha nailaumu haifanyi kazi.

Mwenye kusema tukate miti yote basi tuwe salama, namwambia ageuze shingo aitazame Eastlands yetu. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ina vivuli mpaka leo. Panda upande wa mitaa mipya uone kama utapata kivuli cha kusimama mbwa. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata likizo ya kupanda miti. Naunga mkono. Ila tuulize ni miti gani na inapandwa wapi. Japani baada ya vita vya 1945 ilijaza milima miti ya mwerezi wao uitwao sugi, kwa nia njema, ili kupata mbao. Miti ikakomaa, ikaanza kumwaga chavua, na leo mamilioni ya Wajapani hupiga chafya kila mwisho wa baridi. Mwaka wa 2023 serikali yao ilitangaza itapunguza mashamba ya miti hiyo kwa asilimia 20 katika miaka kumi. Sisi shuleni twapewa miche ya saipresi kila mwaka kwa sababu ni rahisi na huota haraka, tunaipanda chini ya madirisha ya madarasa. Ipandwe mbali kule nyuma. Karibu na madirisha tupande ya nyuki: ule wa maua ya manjano ambao Waluo huuita siala, ama mjakaranda mwingine.

Ile karatasi ya kalamu nyekundu haijafika kwa mwalimu mkuu. Niliambiwa iko ndani ya kitabu cha Fasihi cha kiranja mmoja, ikingoja muhula ufunguliwe. Daftari langu nimeliacha maktabani, kwenye meza ya Chama cha Kiswahili, nalo lina kurasa kumi na moja tupu. Kila aliyetia saini namwomba aje aandike wiki mbili za chafya zake, tarehe na mahali, kisha tukae chini ya ule mti tulinganishe.